Mafuta Huharibikia Kwenye Gunia

Hotuba kwa wakulima wa alizeti, akina mama wa moo yaa (mafuta ya mti wa shea) na wenye mashine za kukamua, Bweyale, wilaya ya Kiryandongo

Mwenyekiti wetu, wazee wangu, akina mama, vijana wa mashine, nanyi mliotoka Kigumba na Karuma kabla jua halijachomoza: hamjambo? Asanteni kwa kunipa nafasi.

Nitasema Kiswahili, maana hapa Bweyale ndicho kinachotukusanya. Waacholi wapo, Walango wapo, Walugbara na Wanyoro wapo, ndugu zetu waliokimbia vita Sudan Kusini wapo, na wapo ambao wazazi wao walitoka Kenya. Mtu asiyenielewa mahali amguse jirani yake.

Nimeitwa nizungumze juu ya kusafisha mafuta. Nitafika huko, naahidi, lakini sitaanzia huko. Sehemu kubwa ya uchafu tunaohangaika kuutoa kwenye mafuta uliingia kabla mashine haijawashwa. Niliyajua haya kwa hasara, na naomba niwasimulie.

Mwaka nilioanza kukamua nilinunua magunia arobaini ya alizeti mwezi wa saba. Mnaujua mwezi wa saba wetu. Mavuno ya msimu wa kwanza yanaingia, na kabla hujamaliza kupura, mvua za msimu wa pili zinagonga mlango. Mbegu zilikuwa nyeusi, zinang'aa, nzuri kwa macho. Nilitafuna mbili tatu kama nilivyomwona mama yangu akitafuna mahindi, nikaridhika. Nikayapanga magunia sakafuni, moja juu ya jingine mpaka karibu na bati, nikasubiri bei ya mafuta ipande.

Baada ya wiki tatu nikaingiza mkono katikati ya gunia. Palikuwa na joto kama chini ya kuku anayeatamia. Nikakamua hivyo hivyo. Mafuta yakatoka ya hudhurungi, yakitiwa kwenye kikaango yanafura povu, na ukiyaonja yanakwaruza koo. Nikayachuja kwa kitambaa mara mbili. Nikayaacha yatuame siku nne. Mama mmoja anayekaanga mihogo stendi akanirudishia jerikani yangu, akaniambia, "Mwanangu, mafuta yako yananitoa machozi." Nikadhani ni mashine. Nikabadilisha skrubu ya kukamulia kwa pesa ambayo sikuwa nayo. Mafuta hayakubadilika. Siku nilipoyapima kwa njia nitakayowaonyesha leo, asidi huru ilikuwa asilimia 6. Mafuta ya kukamuliwa bila kusafishwa hayatakiwi kuzidi karibu asilimia 2. Nilikuwa nauza kitu kilichokufa ndani ya gunia.

Sasa, asidi hii inatoka wapi? Mbona hakuna aliyeitia?

Kulikuwa na Mfaransa mmoja, Michel Eugène Chevreul, aliyezaliwa 1786 na kufa 1889. Aliishi miaka 102. Alianza na sabuni, akataka kujua kuna nini ndani yake, na mwaka 1823 akatoa kitabu kikubwa juu ya mafuta ya wanyama. Alichokiona ni kwamba mafuta ni vitu viwili vilivyoungana: gliserini, ile tamutamu inayolainisha ngozi, na asidi za mafuta. Leo tunajua hesabu yake: gliserini moja hushika asidi tatu.

Fikirieni kigingi kimoja na mbuzi watatu waliofungwa kwa kamba. Kigingi ni gliserini, mbuzi ni asidi. Mbuzi wakiwa wamefungwa, shamba liko salama: mafuta yametulia, hayana ukali, hayafuri povu. Kamba ikikatika, mbuzi anazurura. Huyo ndiye tunayemwita asidi huru.

Anayekata kamba ni nani? Mbegu ya mafuta ina kisu chake, kimeng'enya kinachoitwa lipasi. Mungu hakukiweka humo kwa ubaya. Mbegu ikianguka ardhini na kuota, kile kichipukizi kinahitaji chakula kabla hakijatoa majani, basi lipasi inafungua mafuta ili mmea mchanga ule. Ila kisu hiki hakikati pakiwa pakavu. Kila kamba moja inayokatwa inakula chembe moja ya maji. Kwa hiyo mbegu mbichi ndani ya gunia inadhani imepandwa. Inaanza kula akiba yake, na kuvu nao wanakuja na visu vyao wenyewe. Kazi hiyo inatoa joto, joto linaharakisha kazi, na siku ukiingiza mkono unakuta kuku anaatamia.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote leo, kwa sababu ndipo watu wengi wenye akili nzuri wanapopotea. Mkulima wa mahindi ameambiwa miaka yote kwamba asilimia 13 ya unyevu ni kavu. Ni kweli kwa mahindi. Akileta alizeti yenye asilimia 13 anaapa kwamba ameanika vizuri, na hadanganyi. Lakini maji na mafuta hayakai pamoja. Chukua kilo 100 za alizeti zenye mafuta kilo 40. Maji yote yaliyomo hayawezi kujificha ndani ya zile kilo 40. Yamebanana katika kilo 60 zilizobaki. Kilo 13 za maji ndani ya kilo 60 ni karibu asilimia 22. Huo si ukavu. Hapo hata mahindi yangeota kuvu. Ukishusha unyevu mpaka asilimia 9, kilo 9 ndani ya 60 ni asilimia 15, na mbegu inaanza kutulia. Ndiyo maana alizeti haistahili kuwekwa stoo ikiwa juu ya asilimia 9, na ufuta, kwa sababu una mafuta mengi zaidi, unataka kushuka mpaka kama 6.

Mtu atauliza, kipima unyevu nakitoa wapi? Chumvi. Ikaushe juani au kwenye sufuria mpaka haishikani, itie kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na mbegu, funga, tikisa, iache robo saa, tikisa tena. Chumvi ikigandana na kioo, mbegu ni mbichi. Wengi mnafanya hivyo kwa mahindi, na nimesikia wakisema kwamba kwa alizeti haifai kwa kuwa asilimia zake ni tofauti. Inafaa. Chumvi haihesabu asilimia za mbegu; inasikiliza hewa iliyo ndani ya chupa, na huanza kunywa maji unyevu wa hewa ile ukifika karibu asilimia 75, iwe hewa imetoka kwenye mahindi au kwenye alizeti. Tahadhari moja tu: kuvu wengine huanza kuota chini kidogo ya hapo, karibu na 70. Kwa hiyo chumvi ikilowa, jibu ni hapana bila mjadala. Ikibaki kavu, anika siku moja zaidi halafu ndipo ufunge gunia.

Na mnaanika juu ya nini? Turubai, jamani. Si udongo, si ukingo wa lami. Na gunia lilale juu ya mbao, mbali na ukuta.

Lakini sitakuwa mkweli nikimlaumu mkulima na kukaa kimya juu yetu sisi wenye mashine. Sisi tunanunua kwa kilo, na maji yana uzito. Kilo 100 zenye unyevu wa 13 zikikaushwa mpaka 9 zinabaki kama kilo 95 na nusu. Mkulima aliyejitaabisha na turubai kwa siku tatu, akifukuza kuku na kukimbizana na mawingu, anafika kwenye mizani yangu akiwa amepoteza kilo nne na nusu, nami namlipa bei ile ile ninayomlipa jirani yake aliyeleta mbegu zenye umande. Nimemwadhibu kwa kufanya vizuri. Tuseme bei ni shilingi 1,000 kwa kilo ya mbegu mbichi. Ili aliyekausha asipate hasara tu, hujamlipa hata jasho, inabidi apate karibu 1,047. Mimi siku hizi naongeza mia kwa kila kilo iliyofaulu mtihani wa chumvi mbele ya macho yake mwenyewe, na sijutii hata kidogo. Wenye mashine mliokaa hapa mbele, hili nawaambia nyinyi: alizeti ya Kiryandongo itakauka siku tutakapoacha kununua maji.

Kisu hiki cha lipasi si cha alizeti peke yake. Kule Kalangala, kwenye kisiwa cha Bugala ndani ya Ziwa Nalubaale, kuna mashamba ya michikichi. Tunda la mchikichi lina lipasi kali kuliko mbegu zetu zote, na nyama yake imejaa maji. Likiangushwa likachubuka, kamba zinaanza kukatika papo hapo. Ndiyo maana mikungu hukimbizwa kiwandani, inatakiwa ifike ndani ya siku moja, na kitu cha kwanza inachokutana nacho si kinu bali mvuke wa moto. Mvuke unaua kisu. Baada ya hapo ndipo wanakamua, na mafuta ghafi yanapelekwa Jinja kusafishwa.

Mama zangu wa moo yaa, nyinyi hamhitaji kufundishwa hilo na mtu wa Jinja. Nyanya zenu walichemsha kokwa za yaa mara tu baada ya kutoa nyama ya tunda, ndipo wakaanika. Kuna wasichana siku hizi wanaruka hatua ile kwa sababu kuni ni ghali, wanaanika kokwa mbichi, na zinaota huku zikikauka. Kuchemsha kule ndiko kuua kisu. Ni kazi ile ile ya mvuke wa Kalangala, na ilikuwepo Acholi na Lango kabla ya kiwanda chochote. Msiiache. Ila msikaushie kokwa juu ya moshi, maana moshi ukishaingia kwenye mafuta hautoki kwa kuchuja.

Na kwa kuwa nimeutaja mti wa yaa: aina yetu ya Nailo, inayoota hapa kaskazini ya Uganda na Sudan Kusini, hutoa mafuta laini kuliko ile ya Afrika Magharibi, kwa sababu asidi ya oleiki, mmoja wa wale mbuzi wetu, ndani yake ni zaidi ya nusu. Wanunuzi wa nje wanaitafuta kwa ulaini huo. Mti wenyewe huchukua miaka kama kumi na tano au ishirini kabla haujazaa. Mwaka 2023 amri ya rais ilikataza biashara ya mkaa kaskazini, na bado nikipita njia ya Gulu usiku naona magunia. Kila nikiliona gunia la mkaa wa yaa moyo unaniuma. Samahani, nirudi kwenye mafuta.

Kusafisha. Viwanda vikubwa hufanya hivi. Kwanza hutoa ute, ule utelezi wa mbegu uliomo kwenye mafuta, kwa maji ya moto. Kisha hutia kostiki soda, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, na soda ile inawakamata mbuzi waliozurura, inawageuza sabuni, sabuni inatolewa. Kisha udongo maalumu wa kunyonya rangi. Alizeti hupozwa ili nta ya maganda igande na kuchujwa. Mwisho mafuta hupashwa zaidi ya digrii 200 ndani ya tangi lisilo na hewa huku mvuke ukipita katikati, ukibeba harufu. Halafu vitamini A inaongezwa, jambo jema kwa watoto wetu. Yanatoka meupe, hayana harufu wala ladha. Si sumu, kama wanavyosema wengine redioni, na si dawa. Na yale maandishi ya "hayana kolesteroli" kwenye chupa yasiwalipishe zaidi, maana mafuta ya mimea tangu zamani hayana kolesteroli ya kuhesabika.

Jambo ninalotaka mlishike ni hili: kiwanda hakimrudishi mbuzi kwenye kigingi. Kinamwondoa tu. Na sabuni inapotolewa inaondoka na mafuta mazuri yaliyong'ang'ania humo. Ukileta mafuta yenye asidi asilimia 6, hutapoteza 6 peke yake, utapoteza zaidi sana. Kwa hiyo hata mwenye mtambo wa mabilioni anaanzia pale pale kwenye turubai lako.

Sisi wadogo tunaweza kutoa ute, na inatosha kwa alizeti na ufuta uliokauka vizuri. Pasha mafuta mpaka digrii 70 hivi. Kwa lita 100 tia lita 2 za maji safi ya moto. Koroga polepole nusu saa, usiyapige. Funika, acha yalale usiku kucha. Asubuhi ute na maji vimekaa chini. Toa mafuta kwa juu bila kuvuruga. Halafu, na hapa wengi wanachoka na kuacha, yapashe tena mpaka yaache kutatarika, ili maji yaliyobaki yaishe. Ukiyaacha na maji umemwekea adui chakula. Chuja kwa kitambaa safi yakiwa vuguvugu.

Kostiki soda kwenye sufuria ya nyumbani, hapana. Bila mizani ya kweli na bila kuosha inavyotakiwa, sabuni na soda vinabaki ndani, na watu wanakula. Mbegu za pamba vile vile, msizikamue na kula hivi hivi. Pamba ina kitu kinachoitwa gosipoli, ni sumu, na kinahitaji kusafishwa kiwandani. Na karanga zilizoota kuvu zina sumukuvu. Ukizikamua, sehemu kubwa ya sumu inabaki kwenye mashudu, lakini nyingine inaingia kwenye mafuta, na mashudu yenyewe unamuuzia mfuga kuku. Mwaka 1960 Uingereza bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa kwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Ndivyo dunia ilivyoijua sumu hiyo. Karanga iliyokunjamana, yenye unga wa kijani, haiendi kwenye kinu na haiendi kwenye odii, ile siagi yetu ya karanga na ufuta. Inazikwa.

Adui wa pili ni hewa. Mafuta yanaweza kuwa na asidi kidogo na bado yakachacha. Oksijeni huzishika asidi mahali penye udhaifu wake. Oleiki ina udhaifu mmoja, linoleiki, asidi nyingine ya mafuta, ina miwili, na huo wa pili unaifanya ishambuliwe zaidi ya mara kumi kwa kasi. Alizeti ina linoleiki nyingi. Ufuta unayo pia, lakini umejaliwa walinzi wake wenyewe, ndiyo maana mafuta yake yanadumu. Mwanga unaharakisha kuchacha, kutu inaharakisha, na shaba ni mbaya kuliko kutu. Basi yale mafuta mnayoyapanga kando ya barabara kwenye chupa angavu, jua la saa saba likiyapiga, yanauzwa yakiwa yanakufa. Weka chupa moja ya kuonyesha, mafuta mengine yaweke kivulini kwenye chombo kilichojaa mpaka shingoni. Na jerikani ya jana isijazwe leo bila kuoshwa na kukauka kabisa. Tone la mafuta yaliyochacha ni kama kaa la moto, linawasha yale mapya.

Ndugu zangu wa rolex, ile chapati ya mayai, na mandazi, ule moshi unaowachoma macho ni gliserini inayoungua na kuwa akrolini. Mafuta yenye asidi nyingi hutoa moshi mapema. Mkiyaona yanafura, yamekuwa meusi na mazito, msiyaongezee mapya juu yake. Yamwageni.

Sasa kipimo, nilichosema nitawaonyesha. Pima gramu 28.2 za mafuta. Si gramu thelathini, ni 28.2, na sababu yake ni kwamba uzito wa molekuli ya asidi ya oleiki ni 282, hivyo hesabu inatoka yenyewe. Tia spiriti ya vuguvugu iliyosawazishwa, yaani isiyo na asidi yake yenyewe, matone machache ya fenoftalini, ile dawa inayobadili rangi, kisha dondosha maji ya kostiki soda ya nguvu ya 0.1 kutoka kwenye bureti, mrija wa kioo wenye alama za mililita, huku ukitikisa. Rangi ya waridi ikitokea na kukaa nusu dakika, simama, soma. Kila mililita moja ni asilimia 0.1 ya asidi huru. Mililita 8 ni 0.8, uko vizuri. Mililita 20 ni 2, umefika ukingoni. Mimi mwaka ule nilifika 60. Bureti iko katika maabara ya kila sekondari inayofundisha kemia, na mwalimu akiombwa kwa heshima hakatai. Vijana wa senior four wanaifanya kazi hii kwa siki na soda kila muhula. Wapeni mafuta ya baba zao wapime.

Nimeweka meza chini ya ule mwembe, mizani iko, bureti iko. Nilisema kila mmoja aje na kichupa cha mafuta yake, na naona wengi mmekuja navyo. Tutaandika namba kwenye karatasi bila jina la mtu. Mama mwenye kitenge cha njano umefika wa kwanza leo asubuhi, chupa yako ndiyo itakayotangulia. Wenye mashine tupange foleni nyuma ya akina mama.